Madj wa muvi, acheni kimya kiwe kimya

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni mpenzi wa muvi za kutisha hapa Moshi na kuna kitu kinaniuma sana, kwenye vibanda umiza ukiomba muvi ya mizimu unawekewa ya damu na mapanga mwanzo mwisho, unashtuka mara mbili tatu halafu unaenda kulala fresh kabisa. Hofu yenyewe haiko hivyo jamani!

Angalieni The Innocents ya 1961, ya Jack Clayton, haina rangi wala damu. Yule mlezi wa watoto anatazama ng'ambo ya ziwa anaona mwanamke wa nguo nyeusi kasimama kwenye matete, mchana kweupe, hafanyi chochote, basi mwili wote unasisimka, na mpaka inaisha hujui kama mizimu ipo kweli au iko kichwani mwake. Imetoka kwenye hadithi ya Henry James ya 1898. Na M. R. James (huyu ni mwandishi mwingine, wa Uingereza) alikuwa anawasomea marafiki zake hadithi za mizimu wakati wa Krismasi pale King's College, Cambridge, kwa mwanga wa mshumaa. Si ndo bibi zetu huku Uchagani, moto unakaribia kuzima, ukungu umeshuka toka mlimani, bibi anashusha sauti na anakata hadithi pale pale unapotaka kujua nani kabisha hodi?

Sasa ombi langu kwa madj mnaotafsiri muvi kwa Kiswahili kwa kuongea juu ya sauti yake, kazi yenu naipenda, ila pale penye upepo na mlango unaolia taratibu msiongee juu yake, tuachieni tusikie.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi