Mofini yenyewe hatuioni, mnatuletea mchanganyiko

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi likitufikia na basi la jioni, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Ila habari yenu ya Jumanne, ile ya dawa ya maumivu "isiyozoeleka" ya kuchanganya mofini na mpinzani wake, yaani dawa inayoizuia isifanye kazi, imenishinda.

Kwanza mmekoroga mambo mawili. Kumpa mgonjwa mofini pamoja na chembe ya mpinzani wake si wazo la jana. Watafiti Crain na Shen wa chuo cha Albert Einstein, New York, walilishughulikia miaka ya 1990, wakaona kwa panya kuwa chembe ya naltreksoni, mmoja wa wapinzani hao, huipa mofini nguvu na kuchelewesha usugu. Kidonge cha namna hiyo cha oksikodoni, ndugu wa mofini, kikajaribiwa kwa watu huko Marekani, sokoni hakikufika. Ile ya buprenofini, ndugu mwingine wa mofini, na naloksoni, mpinzani mwingine, mliyoichapisha picha ina kazi nyingine kabisa: kutibu uteja. Ikiwekwa chini ya ulimi, naloksoni karibu haifanyi kazi. Teja akiiponda akajidunga, ndipo inapomshushia arosto, yale mateso ya kukosa dawa.

Sasa niwaambie kilichonikera hasa. Mwaka 2019 nilimuuguza mama yangu mkubwa, saratani ya shingo ya kizazi. Alirudi kutoka Dar na chupa ya mofini ya maji, kila baada ya saa nne kipimo kimoja, na bibi wa watu akawa analala, anakula uji, anatutania. Chupa ikaisha. Nikaenda hospitali moja huku kwetu, cheti mkononi. Kijana wa dirishani akanitazama kama niliyekuja kununua unga. "Mama, mtamfanya teja." Teja! Bibi wa miaka 71, asiyeweza kujigeuza kitandani, ataenda kukaba watu stendi? Nikapewa panadoli kumi. Siku kumi na tatu alizobakiza alizimaliza kwa kulia, na majirani wakaacha kuja kwa sababu hawakuweza kusikiliza.

Na mtaa huohuo, hatua chache tu, vijana wa bodaboda wananunua tramadoli, nayo ndugu wa mofini, kama karanga, bila cheti, bila kuulizwa jina. Huko hakuna anayeogopa uteja.

Napendekeza hivi: kila anayetoa dawa na kuiogopa mofini alale usiku mmoja kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani, kuanzia saa nne hadi adhana ya alfajiri. Mwandishi wenu naye aje. Chai nitaleta mimi.

Muuguzi mstaafu,
Muheza