Harambee ya Mwalo Wetu: Zimebaki Shilingi Milioni 17

Tumsifu Yesu Kristo, wanakigango wenzangu. Asalaam aleikum, majirani zetu wa msikiti ulio juu ya barabara. Na kwa kila mtoto wa mwalo huu wa Ilemela, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, aliyeko Geita, Kahama, Dar es Salaam au ng'ambo: hamjambo huko mliko? Huku nyumbani tunamshukuru Mungu.

Naandika kwa niaba ya kamati ya harambee. Nianze na hesabu, maana najua wengi mtausoma ujumbe huu mkiwa kwenye daladala. Kazi yote inahitaji shilingi 21,200,000. Sisi tulioko hapa tumekwisha kuahidi shilingi 4,200,000: jumuiya ndogo ndogo zimeweka 1,700,000, kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU yetu, kimeweka 1,500,000, na kina mama wa dagaa wametoa 1,000,000 kutoka mfuko wao wa VICOBA. Zimebaki shilingi milioni 17, na ndizo tunazowaomba.

Fedha hizo zitajenga choo cha matundu sita mwaloni, vichanja 40 vya kuanikia dagaa, tangi la maji ya mvua shuleni, banda la kuhifadhia chupa za plastiki, na uzio wa kulinda miche kando ya ziwa. Mtu anaweza kuuliza choo na dagaa vinahusianaje, au kigango kinatafuta nini kwenye chupa. Naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu uhusiano huo ndio mpango wenyewe.

Hapa mwaloni hakuna aliyelala. Jumamosi ya mwisho wa mwezi serikali ya mtaa inatangaza usafi, watu wanatoka, chupa zinakusanywa na kurundikwa pembeni. Mvua ikinyesha zinarudi ziwani. Vijana wanaonunua na kuuza chupa kwa kilo wanapita siku nyingine kabisa, wanazikuta zimejaa matope na mnunuzi wa mjini hazitaki. Shule inapanda miti kila msimu wa mvua, mbuzi wanaimaliza kiangazi. BMU inakataza watu kujisaidia majini, lakini choo cha kuwaelekeza hakipo. Kila mmoja anafanya kazi ya kweli, na kila mmoja anakwama kwa kukosa kitu ambacho jirani yake anacho. Ndiyo sababu safari hii tumekaa kikao kimoja: kigango, msikiti, shule, BMU, kina mama, vijana wa chupa na serikali ya mtaa.

Niwaeleze kwanza habari ya dagaa, kwa kuwa ndiyo inayobeba mengine yote.

Wavuvi wetu wanaingia ziwani usiku wa giza na taa zao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika. Alfajiri mzigo unashushwa, na kuanzia hapo kazi ni ya kina mama. Wanamwaga mchangani, wanatandaza, wanageuza, wanafukuza kunguru na kuku kutwa nzima. Jua likiwaka bila kukatika, mzigo unakauka vizuri. Lakini masika, kuanzia Machi hadi Mei, na tena vuli ya mwisho wa mwaka, wingu likitanda saa nane mchana hakuna pa kukimbilia. Dagaa wakinyeshewa mchangani wanaoza, na wanaosalimika wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama aliyekopa ili anunue ndoo zake chache asubuhi anarudi nyumbani jioni na deni, na siku ya kikao cha VICOBA inamsubiri. Hata kiangazi, dagaa wenye mchanga hawaheshimiwi pale soko la samaki la Kirumba Mwaloni, ambako wanunuzi wanaopeleka mzigo Kongo na Burundi wanajua vizuri wanachokitaka.

Kichanja ni kitu rahisi: nguzo, fito, na wavu uliotandazwa kimo cha kiuno. Hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka mapema, mchanga haupo, kuku hawafiki. Mvua ikitishia, turubai moja inafunika mzigo wote. Mialo mingine ya ziwa hili inavitumia na bei ya dagaa wao ni nzuri kuliko yetu. Kichanja kimoja pamoja na turubai yake tumekikadiria shilingi 110,000, kwa hiyo vyote 40 ni shilingi 4,400,000.

Sasa sikilizeni walichoamua kina mama wenyewe, bila kushauriwa na mtu. Kila atakayeanika juu ya kichanja atalipa ada ndogo kwa kila beseni. Sehemu ya ada itatengeneza vichanja vinavyochoka, na sehemu itamlipa msafishaji wa choo na gari la kunyonya maji taka shimo likijaa. Hapo ndipo dagaa na choo vinapokutana. Tumeona vyoo vingi vya msaada vikifungwa kufuli kwa sababu hakuna aliyepanga nani atanunua hata sabuni. Chetu kitakuwa na mshahara wake kabla ya tofali la kwanza.

Choo hiki ni habari ya uhai. Kichocho cha tumbo kimekaa mwambao mzima wa ziwa, na njia yake inajulikana: kinyesi cha mgonjwa kinaingia majini, mayai yanaanguliwa, vimelea wanakua ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ukingoni, kisha wanatoka na kupenya ngozi ya mtoto aliyekwenda kuchota maji au kuogelea. Shuleni watoto wanapewa dawa, na dawa inafanya kazi. Lakini haimkingi mtoto asiambukizwe tena, na kesho yake anaingia maji yaleyale. Tumbo linavimba, ini linaumia, darasani anasinzia. Wazazi mnaijua hali hiyo. Matundu sita, matatu ya wanawake na matatu ya wanaume, pamoja na mahali pa kunawa mikono, yatagharimu shilingi 9,800,000 za vifaa na uchimbaji. Ufundi hautalipiwa: waashi wa msikiti wamejitolea kujenga kuanzia msingi hadi kupaua. Imamu alipolitangaza hilo kikaoni wazee wetu walisimama kumshika mkono.

Choo kitajengwa juu, mbali na maji, na mahali pake pamekwisha kupimwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu ziwa zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwetu hilo si jambo la karatasi tu. Mnakumbuka mwaka 2020 ziwa lilivyojaa hadi kuvuka kiwango cha 1964 ambacho wazee walizoea kutusimulia. Choo kilichojengwa bondeni mwaka kama huo kinageuka kuwa sumu.

Na ziwa hili lina namna yake. Ukilitazama unaona bahari, kilometa za mraba karibu 68,800, nchi tatu zinaligawana. Lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu, wakati Ziwa Tanganyika linashuka zaidi ya mita 1,400 penye kina kirefu kabisa. Maji yake yana mlango mmoja wa kutokea, kule Jinja, Uganda, Nile inapoanzia. Tunachokitupa humu hakiendi mbali. Samadi, maji machafu na udongo wa mashambani vinalisha gugumaji, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likija na kuondoka na kutufungia mitumbwi. Plastiki nayo inasagika, inakuwa vipande visivyoonekana, samaki wanavimeza. Watafiti walionunua sangara na sato hapa Mwanza na kutoa matokeo yao mwaka 2016 walithibitisha plastiki kwenye matumbo ya samaki mmoja kati ya watano. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na tofauti tuliiona. Chupa zimebaki.

Kwa chupa tunataka jambo dogo: banda lenye paa na sakafu ya zege, shilingi 1,900,000, ili za siku ya usafi zikae kavu na safi mpaka vijana wajaze guta lao na kuzipeleka mjini mara moja. Guta wanalo. Wanunuzi wanao. Wamekosa pa kuhifadhi. Kikundi chao kinakamilisha usajili, na wakimaliza wataweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Kina mama wa dagaa wanafuata njia hiyohiyo. Mwenyekiti wa mtaa amewasaidia sana na anastahili shukrani.

Miche na uzio ni shilingi 1,500,000. Kwenye mikondo miwili inayoshusha maji ya mvua kutoka mtaani tutarudisha matete na mafunjo, ambayo yanachuja tope kabla halijafika ziwani, na juu yake tutapanda miti. Hapo mlipozoea kuchotea maji hatutapanda chochote, panabaki peupe, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda majani. Wanafunzi wa darasa la tano na la sita watatunza miche, na mwalimu mkuu ameahidi kila mche utakuwa na mwenyewe.

Tangi la lita 10,000 pamoja na gata zake ni shilingi 3,600,000. Litapunguza safari za watoto kwenda ziwani na litamwagilia miche hiyo. Sidhani kama linahitaji maelezo zaidi.

Naomba msidhani kwamba tunaiga mambo ya wageni. Wakara wa kisiwa cha Ukara, ng'ambo ya Ukerewe, wamelisha ng'ombe zizini na kurudisha samadi shambani vizazi kwa vizazi, kwa sababu walijua kisiwa hakiongezeki. Wasukuma wamelima mashamba ya wenzao kwa zamu, ngoma ya bugobogobo ikiongoza majembe. Na ni katika kanda hii wakulima wa pamba walioungana miaka ya 1950, akina Paul Bomani wakiwaongoza, walijenga ushirika ulioshangaza Afrika. Kuungana tumerithi.

Sasa kuhusu fedha, kwa sababu mnayo haki ya kuuliza. Akaunti ni ya kigango na ina watia saini watatu: katibu wa kigango, mwakilishi wa kina mama wa dagaa na mjumbe kutoka msikitini. Hakuna shilingi itakayotoka bila saini zote tatu. Kila mwezi mapato na matumizi yatabandikwa kwenye mbao za matangazo za kanisa, msikiti, shule na ofisi ya BMU, pamoja na nakala za risiti za dukani. Namba ya kupokelea michango ya simu imesajiliwa kwa jina la kigango na imebandikwa sehemu hizohizo. Mlioko mbali, mwombeni ndugu yenu aliyeko nyumbani aipige picha. Msitume mchango kwa namba ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kuwa ni mimi.

Kiwango cha kutoa ni moyo wako. Familia itakayotoa 110,000 imejenga kichanja kizima, na watoto wa mwalo mlioko Dar es Salaam mnaweza kujichanga kwa pamoja mkabeba tangi. Mwenye elfu mbili aitoe kwa furaha, maana choo hiki kitajengwa zaidi na elfu mbili kuliko na malaki. Nasi tunapokea vitu: saruji, mabati, mbao, mchanga, kokoto, misumari. Mwenye lori atusaidie safari moja ya mchanga kutoka machimbo halali, si kutoka ukingoni mwa ziwa.

Siku ya harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, mara baada ya misa ya pili, kwenye uwanja wa shule. Kutakuwa na kwaya, ngoma, na mnada wa mazao kama kawaida yetu. Leteni kuku, mbuzi, mchele, michembe, matobolwa, dagaa waliokaushwa vizuri, hata mkungu wa ndizi. Ndugu zetu Waislamu, mnada umepangwa umalizike kabla ya adhuhuri ili swala isiwapite. Atakayechinja kwa ajili ya chakula cha pamoja ni mzee kutoka msikitini, wote tule bila wasiwasi.

Wenye ahadi waandikishe kwa viongozi wao wa jumuiya, kwa imamu au kwa mwalimu mkuu, wakitaja na tarehe ya kutimiza. Wenye vitu vizito wamwone katekista kabla ya Ijumaa ya wiki hiyo, ili tujue guta la vijana lipite nyumba zipi kwanza.

Wabeja sana.

Katibu, Kamati ya Harambee