Maoni yangu mmeyakata, na filamu mmeniuzia iliyokatwa

Soko la Mwaloni, Kirumba,
Mwanza.
12 Januari 2026

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
(Jina la kampuni nimeliandika juu ya bahasha, humu nimeliacha makusudi.)
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: BOKSI LA KRISMASI NA MAONI YANGU MLIYOYAGEUZA TANGAZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni. Tarehe 8 Desemba niliagiza kwenu Boksi la Krismasi kwa shilingi 145,000, nikalipa kwa simu, na baada ya siku nne nikaupokea mzigo stendi ya Nyegezi. Kwa usafiri sina neno. Ndani mlikuwa na sabuni ya uso, krimu ya kuondoa madoa, kinga ya jua, na diski ya filamu ya zamani ya Krismasi mliyoitangaza kuwa ni "toleo jipya, kamili, lililosafishwa".

Tarehe 3 mwezi huu zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi hailali ziwani, soko linapoa na watu wanachezea simu. Mteja wangu mmoja akanisogezea ya kwake akicheka, akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, kumbe siku hizi wewe ni wa matangazo?" Nikaona jina langu, neno Mwanza chini yake, na nyota tano.

Maoni niliyowatumia tarehe 29 Desemba bado ninayo. Yanasema hivi:

"Siku mbili za kwanza uso uling'aa kweli. Siku ya tatu ukaanza kuwaka, ya tano ngozi ya mashavuni ikabanduka kama ganda la kitunguu. Filamu imemtoa baba yangu machozi, maana mmekata sehemu anayoipenda kuliko zote."

Mlichobandika kwenye ukurasa wenu ni hiki:

"Siku mbili za kwanza uso uling'aa kweli! Filamu imemtoa baba yangu machozi."

Alama ya mshangao si yangu. Nyota tano si zangu, wala hamkuniuliza nyota. Mliomba maoni tu, mkaahidi punguzo la asilimia 10 kwa atakayetuma. Maneno mengine yote ni yangu, sikatai, na hapo ndipo panaponiuma. Mngetunga uongo wenu wenyewe ningeukana mchana kweupe. Sasa nikane nini?

Nilipiga simu. Binti aliyepokea, mpole kweli na sina ugomvi naye, akaniambia maoni "yamefupishwa tu ili yatoshe kwenye picha". Nafasi ya alama ya mshangao ilipatikana.

Niwaeleze kwa nini sikuliacha lipite. Hapa Mwaloni gunia la dagaa halinunuliwi kwa kutazamwa juu. Mnunuzi anayeijua kazi huzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi moja kutoka katikati, akaichezesha kiganjani, kisha akapuliza. Dagaa walioanikwa kwenye chanja hawaachi kitu. Walioanikwa chini huacha mchanga kwenye mistari ya kiganja, hata wakipepetwa namna gani. Wapo wanaopanga wa chanja juu na wa mchanga chini, na tunawajua kwa majina. Mimi wateja wangu wa Kongo hutuma pesa wakiwa kwao, mzigo wakauona ukishafika. Hawazamishi mkono kwa sababu nimesema mimi. Na ninyi mmechukua hilo neno langu mkapanga juu ya mchanga wenu.

Binti wa jirani yangu anaolewa mwezi wa pili. Aliona jina langu, akanunua. Hakuja kuniuliza kwanza, na angeniuliza ya nini wakati nimeshasema? Tarehe 8 mwezi huu alikuja kunionyesha boksi lake, utepe bado haujafunguliwa, akanikuta nimejifunga kitenge mpaka machoni. "Mama, si wewe uliyesema?" Nilimwelekeza akae, nikatafuta cha kumwambia, nikakosa.

Sasa krimu yenyewe. Mimi sikutafuta mkorogo, nilitaka kupunguza madoa ya jua. Kikaratasi chenu cha Kiswahili kinasema "paka asubuhi na jioni", basi nikapaka asubuhi nikaenda kazini. Kazi yangu ni ya juani. Tangu saa mbili mpaka saa tisa nageuza dagaa kwenye chanja, na ziwa nalo linakurudishia jua usoni kama mtoto anayekuchezea na kioo. Ilipofika siku ya tano sikuweza kunawa kwa maji ya kawaida.

Daktari wa ngozi alinitaka nimpelekee kila ninachopaka. Akashika krimu, akasoma kile kilichoandikwa kwa Kiingereza, kidole kikasimama mstari wa tatu: asidi ya glikoliki. Akanieleza kwamba asidi hiyo hulegeza ngozi iliyokufa ya juu ili ibanduke, na ile inayobaki huungua upesi na jua. Kwa hiyo mtu hupaka usiku, na mchana hujikinga, kinga yenyewe akiirudia kila baada ya saa mbili akiwa juani. Kwa Kiingereza onyo hilo lipo kwenye chupa. Kwenye Kiswahili chenu halipo. Nikamwambia kinga ninayo, ilikuja humo humo. Akaniambia niiangalie tarehe.

Nikarudi nyumbani, tarehe siioni. Kwenye kinga ya jua mmebandika karatasi nyeupe yenye jina la kampuni yenu, na kona moja ilikuwa imenyanyuka kidogo. Nikaishikilia juu ya mvuke wa sufuria, nikaivuta kwa ukucha taratibu, kama mtu anayemenya yai la moto, ikatoka nzima. Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu: EXP 06/2025. Mliniuzia Desemba.

Inawezekana karatasi ilibandikwa na kijana wa stoo asiyejua kilichopo chini. Inawezekana. Lakini tuliifungua na chupa ya yule binti, na karatasi ilikuwa imekaa pale pale, juu ya tarehe ile ile.

Filamu labda mtaiona jambo dogo. Nyumbani kwangu ndilo kubwa. Ni "It's a Wonderful Life" ya Frank Capra, ya mwaka 1946, aliyoigiza James Stewart. Baba yangu aliiona mara ya kwanza akiwa kijana, kwa mapadri, ikitupwa kwenye shuka jeupe, na tangu hapo ameisimulia kila Krismasi mpaka watoto wangu wanaijua bila kuiona. Kwa asiyeijua: George Bailey ni mtu wa mji mdogo Marekani aliyejinyima maisha yake yote kwa ajili ya wenzake. Mkesha wa Krismasi fedha za ofisi zinapotea, anakwenda darajani ajitupe, anatamka kwamba bora asingezaliwa. Malaika anamtembeza kwenye mji huo huo kama ungekuwa bila yeye. Mji una jina la tajiri mkatili. Mke wake hamjui. Na makaburini kuna kaburi la mdogo wake, aliyezama kwenye maji ya barafu akiwa mtoto, kwa sababu hakuwapo kaka wa kumtoa.

Baba yangu naye alimtoa mdogo wake majini, hapa hapa ziwani, wakiwa wadogo. Kipande cha kaburi ndicho anachokisubiri.

Siku ya Krismasi, baada ya pilau, tukakaa wote. George akasema bora asingezaliwa. Kufumba na kufumbua yuko kwenye theluji anakimbia, anacheka, anaitakia heri kila nyumba. Baba akasema, "Rudisha nyuma, umekalia rimoti." Nikarudisha. Ikawa vile vile. Mara ya tatu akavua miwani akaishika mkononi. Mjukuu wake akauliza, "Babu, sasa huyu amefurahia nini?" Hakuna aliyemjibu.

Filamu hiyo ni ya dakika 130 hivi. Ya kwenu haifiki 110. Najua toleo lililofupishwa namna hiyo lipo duniani na si ninyi mliolikata. Basi boksi lingeandikwa "lililofupishwa", nami ningeamua mwenyewe. Mliandika "kamili".

Ninachotaka ni hiki. Lile tangazo liondoeni leo hii, na mahali pake muweke maoni yangu yote, kwa herufi za ukubwa ule ule, bila nyota. Mrudishieni binti wa jirani yangu pesa zake kwanza, kisha za kwangu. Na kinga ya jua iliyobaki stoo mbandue karatasi mwone wenyewe, kabla hamjamtumia mtu mwingine. Punguzo la asilimia 10 sitalitumia, msihangaike kunikumbusha kwa ujumbe kila Ijumaa.

Nawapa siku 14. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani wanapokea malalamiko. Vipodozi navyo tangu 2019 viko mikononi mwa Shirika la Viwango (TBS), kwa hiyo nakala hii inakwenda na huko, pamoja na picha za chupa zote mbili. Karatasi nyeupe niliyoibandua nimeigandisha nyuma ya ukurasa huu. Msiitupe, ninayo ya binti pia.

Mteja wenu wa oda ya 8 Desemba.

Nakala:
Tume ya Ushindani (FCC)
Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

N.B. Baba anauliza kama diski nzima mnayo. Akitamka "nzima" ananyoosha mkono wa kushoto na kuushika begani kwa wa kulia, kama anayepima kambale. Kama mnayo, mleteeni kwa basi lile lile, nauli nitalipa mimi nikipokea Nyegezi.