Kabla ya Kufunza Modeli, Tukague Data Yako

Wateja wengi hufika ofisini kwetu hapa Kampala wakiwa wamekwisha kukusanya data kwa miezi mingi, na wanachotaka ni modeli ya akili mnemba ianze kazi mara moja. Sisi huwaomba kwanza watukabidhi data hiyo tuikague, kwa sababu kasoro iliyojificha ndani yake haiponi kwa kubadilisha programu.

Zipo picha za majani ya muhogo zilizokusanywa mashambani hapa Uganda, zikawekewa lebo na wataalamu wa mazao kwa ushirikiano na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Zilizidi 21,000 katika makundi 5, lakini takriban asilimia 60 zilikuwa za batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo. Kwa hiyo modeli inayoliita kila jani batobato, hata lile lenye afya, itapata alama kama 60 kwa 100 bila ya kujua lolote. Ndiyo maana ripoti yetu huanza na idadi ya kila kundi.

Kasoro tunayoihofia zaidi ni marudio. Mkusanyaji husimama mbele ya shina moja akalipiga picha 5 huku akisogea kidogo kidogo. Picha hizo zikigawanywa kiholela, 3 zikaangukia upande wa mafunzo na 2 upande wa majaribio, modeli itakuwa imefanyishwa mtihani ambao majibu yake ilikwisha kuonyeshwa. Sisi hugawanya kwa shamba, si kwa picha. Katika kumbukumbu za SACCO (chama cha akiba na mikopo), kasoro hiyohiyo huja kwa sura nyingine: mwanachama mmoja aliyeandikwa kwa namba ya simu inayoanza na 07, kisha kwa +2567, huhesabiwa kuwa watu wawili, na mkopo wake mmoja ukaonekana kuwa wa wawili.

Lebo nazo tunazipima kwa kuwapa wataalamu wawili sampuli ileile, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana mara nyingi, kwa kawaida maelekezo waliyopewa ndiyo yenye utata, na huandikwa upya.

Data ya watu hatuigusi kabla ya kuona namna ridhaa yao ilivyopatikana, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawalinda.

Ukija, tafadhali lete data ghafi, isiyosafishwa, na ikiwezekana uje na aliyeikusanya, maana yeye ndiye anayejua kwa nini safu fulani ilibaki tupu.