Barua kwa Mwanangu Aliyeacha Gazeti

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Unasema kwamba tangu uache kazi ya gazeti na kufungua matbaa yako, waandishi wenzako wanakuona kama mtu aliyeutupa umma na kukimbilia faida. Sitabishana nao. Nitakusimulia habari za Benjamin Franklin, ambaye wengi humkumbuka kwa umeme na siasa za Marekani, ilhali nusu ya kwanza ya maisha yake ilikuwa ya mwandishi na mfanyabiashara.

Alizaliwa Boston mwaka 1706. Mwaka 1722, akiwa mwanagenzi katika matbaa ya kaka yake, aliandika barua 14 za gazeti kwa jina la kubuni la mjane Silence Dogood, akizipenyeza usiku chini ya mlango ili kaka yake asimtambue mwandishi. Mwaka uliofuata alitoroka akafika Philadelphia, na mwaka 1729 akalinunua gazeti la Pennsylvania Gazette. Wakati mwingine alisukuma karatasi barabarani kwa toroli yeye mwenyewe, na baadaye alikiri kwamba alitaka watu wamwone kuwa ni mchapakazi. Hila, naam, lakini madeni yake aliyalipa.

Mwaka 1731, alipotafuta wachangiaji wa maktaba ya kuazimisha vitabu, aligundua kwamba watu husita kuunga mkono jambo jema wakihisi kuwa litampandisha hadhi jirani yao. Basi akajiweka nyuma, akawa anasema kwamba ni mpango wa marafiki kadhaa. Kujificha huko alikuwa amekuzoea tangu siku za yule mjane. Gazeti nalo lilimtayarishia njia: aliandika humo kuhusu hatari ya moto kabla ya kuunda, mwaka 1736, kikosi cha wazima moto wa kujitolea, kila mwanachama akitakiwa kuweka tayari ndoo zake za ngozi. Kwa hospitali, mwaka 1751, alilishawishi bunge la koloni liahidi pauni 2,000 iwapo wananchi wangechanga 2,000 nyingine. Wapinzani walikubali wakidhani fedha hizo hazitapatikana kamwe, na zikapatikana, kwa kuwa kila mchangaji alijua kwamba alichotoa kingezaa kingine cha pili.

Mwaka 1748, akiwa na umri wa miaka 42, alimwachia mshirika wake, David Hall, uendeshaji wa matbaa kwa mkataba wa kugawana faida kwa miaka 18. Mapato hayo ndiyo yaliyomnunulia muda wa kufanya majaribio ya umeme na kuutumikia mji wake, kwa hiyo wanaokucheka kwa ajili ya faida wangeuliza kwanza inakwenda wapi.

Lakini nisikupambie mtu. Gazeti hilo hilo lilichapa matangazo ya kuuza watumwa na ya kuwasaka waliotoroka, naye mwenyewe alimiliki watumwa. Mwaka 1731 alikuwa ameandika utetezi wa wachapaji, kwamba kazi yao ni kuwahudumia watu wa maoni yote, na humo mna hekima; ila tangazo la kumuuza binadamu si maoni, ni biashara, na mchapaji hupata fungu lake. Alichelewa kugeuka. Mwaka 1787 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na Februari 1790, miezi miwili kabla ya kufa, alitia saini ombi la kulitaka Bunge la Marekani lichukue hatua dhidi ya utumwa. Wale waliouzwa kupitia kurasa zake miaka 50 nyuma, ombi hilo halikuwafikia.

Katika wosia wake aliziachia Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mji, zikopeshwe kwa mafundi vijana wanaoanza kazi, na alipojitambulisha mwanzoni mwa wosia huo alitanguliza neno mchapaji, vyeo vya ubalozi na urais wa jimbo la Pennsylvania vikafuata.

Ukifunga hesabu za mwaka wa kwanza, niandikie. Faida utaniambia ukipenda; ninachotaka hasa kujua ni kazi zipi ulizoletewa ukakataa kuzichapa.

Wako,
Mama