Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: malori ya mchanga yatoke mtoni kabla ya masika

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizopitisha kwa mtendaji wa kijiji hazikujibiwa, na Jumamosi iliyopita malori matatu yameshuka tena mtoni, safari hii pale penye mawe, chini ya mikuyu. Migono yangu minne, mitego ya samaki, nimeikuta imefukiwa.

Pale penye mawe ndipo samaki wetu ningu anapopata riziki. Mdomo wake umekaa chini ya kichwa, una nyama nene, nao anaukwangulia ule utelezi wa kijani ulioshika mawe. Maji yakichafuka, jua halifiki chini, utelezi haukui, na samaki anashinda njaa mto ukiwa umejaa. Kuyu, samaki mwingine wa hapa, si mchaguzi: konokono, wadudu walioko chini ya mawe, majani na matunda yanayodondoka, vyote anakula. Lakini wadudu wake nao wamefunikwa na tope, na mikuyu miwili imekatwa ili malori yapate njia.

Masika ndiyo yananinyima usingizi. Mvua zikianza, ningu hupanda kutoka Ziwa Victoria kuja kutaga kwenye nyasi za kingo zilizofurika. Kingo zenyewe sasa ni mashimo. Ningu tayari ni mabaki tu: karne iliyopita nyavu za makila, zile zinazonasa samaki kwenye mashavu, zilimkomba midomoni mwa mito akiwa njiani na mayai yake. Hawa wachache tukiwapoteza, hatuna wengine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Malori yamo ndani ya maji, Mheshimiwa! Kifungu hicho ulitusomea mwenyewe uwanja wa shule, mwezi wa saba, ukasema tukupe wiki mbili. Tulikupigia makofi, na mimi nilisimama. Nadhani kuna mtu anakula kwa kila tripu. Ushahidi sina, ila yanapita mchana kweupe na hakuna anayeyasimamisha.

Mwaka juzi nilirudi na ndoo mbili kwa usiku mmoja. Juzi nimerudi na ningu mmoja wa kiganja, mama watoto akamchemshia mtoto mdogo, sisi tukala ugali na chumvi.

Siombi fidia, wala migono. Malori yatoke kabla mvua hazijaanza. Nakuomba tena, Mheshimiwa: kabla ya mvua.

Mvuvi wako wa ng'ambo ya daraja