Anayekwenda kufanya kazi porini aulize kwanza atalala wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie vijana wa Dar es Salaam, pamoja na wazazi wao, juu ya jambo ambalo hunijia mlangoni kila masika yanapokaribia kwisha. Kijana ana cheti cha hoteli, cha udereva au cha ufundi umeme, mjini hajapata kazi, amesikia kwamba kambi za watalii zilizo ndani na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere zinafunguliwa mwezi Juni, na anataka kujua aanzie wapi. Kabla ya kurudi kuishi Mbagala nilikuwa mtunza stoo katika kambi za kusini kwa miaka mingi, na ninawatakia heri wote wanaofikiria safari hiyo, kwa kuwa kazi zipo na ni kazi za heshima. Hata hivyo, karibu wote huniuliza mshahara, na ni nadra sana mmoja wao kuniuliza atalala wapi. Swali hilo ndilo ambalo kule porini huamua karibu mengine yote.

Hapa mjini kazi ni jambo moja na nyumba ni jambo jingine. Mtu akiachishwa kazi Kariakoo jioni hurudi kwenye chumba chake Tandika, akajipanga upya huku kodi yake ikiwa bado haijaisha. Porini mambo hayo mawili hufungwa pamoja. Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Ndani yake hakuna mji, hakuna daladala, hakuna nyumba ya kupanga, na magari hayaruhusiwi kutembea ovyo usiku. Mfanyakazi wa kambi hulala kwenye kota za mwajiri, hula chakula cha mwajiri na husafiri kwa gari la mwajiri. Siku kazi inapokoma, kitanda, sahani na usafiri hukoma pamoja nayo, pengine jioni ile ile kama kuna gari linaloelekea getini.

Tuliliona hilo waziwazi mwaka 2020. Ndege za abiria za kimataifa ziliposimamishwa mwezi Aprili kwa sababu ya korona, kambi zilibaki bila wageni katika msimu ambao zilitarajia kufungua, na watu waliokuwa wameacha vyumba vyao Dar es Salaam, wakauza vitanda na majiko yao wakijua kwamba wamepata maisha mapya, walirudi mjini wakiwa na begi moja na bila mahali pa kuliweka. Waliokuwa na chumba kijijini, hata kiwe cha udongo na makuti, walibaki wakalima, wakavua, wakasubiri. Hata bila maradhi ya dunia nzima, kazi za porini hufuata mvua: katika masika, kati ya Machi na Mei, barabara za udongo mweusi hazipitiki, kambi nyingi za kusini hufungwa, na wanaobaki ni walinzi na mafundi wachache. Anayekwenda ni lazima aulize mapema, kabla hajapanda basi, katika miezi hiyo atalipwa nini na ataishi wapi.

Sheria, kwa bahati nzuri, haikulisahau jambo hili, ingawa nimekutana na wafanyakazi wachache mno wanaoifahamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na miongoni mwa maelezo hayo yamo mahali alipoajiriwa, mahali atakapofanyia kazi, saa za kazi, ujira, na stahili zinazotolewa kwa vitu badala ya fedha. Malazi na chakula ni stahili za namna hiyo. Maana yake ni kwamba kota si fadhila ya meneja. Ni sehemu ya malipo, na inapaswa kuandikwa: ni hema au ni nyumba, mnalala wangapi, kuna choo na maji ya namna gani, kuna chandarua au hakuna, na mtu akienda likizo kitanda chake kinabaki kuwa chake au anapewa mwingine.

Lipo neno moja katika orodha hiyo ambalo vijana hulipita bila kulitazama, nalo ni mahali alipoajiriwa. Kifungu cha 43 cha sheria hiyo hiyo kinasema kwamba mkataba unapositishwa mahali pasipo pale mfanyakazi alipoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi pale alipoajiriwa, au kumlipia nauli, pamoja na kumlipa gharama za kujikimu za kila siku kwa muda anaosubiri kusafirishwa, kama upo. Sasa fikiria kijana aliyefanyiwa usaili Dar es Salaam, akaambiwa karatasi atasaini akifika. Anafika kambini amechoka, usiku, anasaini, na karatasi inasema ameajiriwa pale pale kambini. Kuanzia hapo, siku ya kuachishwa, mwajiri anaweza kudai kwamba hana wajibu wa kumrudisha popote. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliachishwa kazi katika kambi moja, sitaitaja, akashushwa kijijini na sanduku lake mwezi wa Aprili, barabara ikiwa imekatika, na alipouliza nauli alioneshwa mstari huo wa mkataba. Alikaa kwa ukarimu wa mama mmoja muuza chapati mpaka maji yalipopungua. Kwa hiyo nawaomba sana vijana: saini ikiwezekana ifanyike hapa mjini, nakala ibaki kwa mzazi, na mahali pa kuajiriwa paandikwe Dar es Salaam kama ndipo ulipoajiriwa.

Baada ya mkataba, jambo la pili ni kijiji. Ushauri wangu ni kwamba mtu asiende porini moja kwa moja, bali aende kwanza kijijini, na kule porini apajue akiwa mkazi wa kijiji. Kwa upande wa Rufiji kijiji chenyewe ni Mloka, karibu na geti la Mtemere. Unafuata barabara ya kusini ya lami hadi Kibiti, kisha unaiacha lami. Kwa upande wa Morogoro reli ya TAZARA inakupitisha Kisaki na Matambwe. Kwa Ruaha ni Tungamalenga na Idodi, baada ya Iringa, na kwa Katavi ni Sitalike, kusini ya Mpanda. Vijiji hivi vina maduka, zahanati, mafundi, mama lishe na vyumba vya kupanga kwa mwezi, bila yale masharti ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima tunayoyajua hapa. Nafasi nyingi za kambini hazitangazwi gazetini wala mtandaoni. Mpishi msaidizi anapougua, au gari linapoharibika na fundi hayupo, meneja hutuma dereva kijijini kuuliza nani yupo, na aliye Mloka hupata nafasi hiyo kabla aliye Mbagala hajaisikia.

Mgeni anayefika ajitambulishe katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, akiwa na barua kutoka serikali ya mtaa wake. Hili si urasimu wa bure, kwani vijiji hivi vinapakana na maeneo ambako majangili wamewahi kupita wakijifanya wafanyabiashara, na mtu asiyejulikana anayezungukazunguka hutazamwa kwa jicho ambalo hatalipenda. Akijulikana, atapata wa kumdhamini. Wenyeji wa Rufiji ni watu wakarimu, nami ninawashuhudia.

Tatizo huanza pale mgeni anapotaka kuhama kabisa na kununua kiwanja. Siku hizi hata watu wasiokuwa na nia ya kuishi huko hununua ardhi karibu na mageti ya hifadhi wakitumaini bei itapanda, na wenzetu wa mjini wamezoea kwamba karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti inatosha. Haitoshi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wanakijiji wote watu wazima wakiwa wameitwa na kusikilizwa. Mtu asiyekuwa mkazi anaweza kuomba, na akikubaliwa hupewa haki miliki ya kimila, lakini maombi hayo hupita mchana mbele ya watu. Aidha aulize kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi na auone kwenye ramani, kwa kuwa kiwanja kilichouzwa kwa bei rahisi mara nyingi ndicho kilicho kwenye shoroba, njia ambayo tembo wameitumia tangu kabla ya kijiji kuwapo. Tembo hawatambui hati, na serikali nayo, tangu kanuni za shoroba za mwaka 2018, ina uwezo wa kuzuia ujenzi katika njia hizo.

Nyumba yenyewe nayo ina masharti yake. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, wengi wao katika mikoa ya kusini, na Rufiji ilikuwa kati ya wilaya zilizoumia zaidi. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, na sababu inaeleweka na kila mkulima wa huko: nguruwe pori huvamia mashamba usiku, mwenye shamba hulazimika kulala kwenye dungu kulinda mpunga na mahindi yake, na simba anayemfuata nguruwe humkuta mtu. Nayaeleza haya si kwa kumtisha mtu, kwani watu wameishi huko kwa vizazi. Nayaeleza ili anayepanga chumba atazame mambo ambayo mjini hatuyatazami: ukuta ni wa matofali au wa fito, mlango una komeo la kweli, choo kiko hatua ngapi kutoka mlangoni, na maji yanatekwa kisimani au mtoni, kwa maana Rufiji ina mamba na viboko. Malaria ni nyingi, hivyo chandarua ni cha lazima. Nguo za buluu iliyokoza na nyeusi huvutia mbung'o, kwa hiyo ziachwe nyumbani.

Kuhusu kazi zenyewe nitasema machache, maana hizo vijana huziulizia wenyewe. Ajira za askari na maofisa wa hifadhi za taifa na mapori ya akiba ni za serikali, hutangazwa rasmi, na hutaka mafunzo ya vyuo kama Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, au Pasiansi ya Mwanza; asimlipe mtu yeyote senti moja kwa ahadi ya kumwingiza. Kambi binafsi zinahitaji wapishi, wahudumu, madobi, watunza stoo, madereva, na zaidi ya wote mafundi: wa magari, wa pampu za maji na wa umeme wa jua. Fundi anayeweza kufufua jenereta bila kusubiri kipuri kutoka Dar es Salaam hakai bila kazi. Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, ulioanza mwaka 2019, nao uliwaingiza vijana wengi katika bonde la Rufiji, lakini ujenzi una mwisho wake, na mitambo ilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024 mahitaji ya vibarua hayakuwa tena yale ya mwanzo. Waliojifunza ufundi pale wanao sasa. Waliobeba zege tu wanatafuta.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili, moja kwako na jingine kwa serikali. Gazeti lako huchapisha matangazo ya kazi za porini, na mara nyingi husema tu kwamba mwombaji awe tayari kuishi mazingira magumu. Ninakuomba msilipokee tangazo la namna hiyo mpaka mtangazaji ataje kambi iko wilaya gani, malazi ni ya aina gani, likizo inatolewa baada ya muda gani na nani analipa nauli. Ni mistari minne, na mwajiri mwema hatasita kuilipia.

Kwa serikali, naomba itazamwe upya njia ya mfanyakazi wa porini kupata haki yake. Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mtu wa Kariakoo hupanda daladala. Mtu aliyeachishwa ndani ya hifadhi hutumia sehemu ya siku hizo kusubiri gari, sehemu nyingine kusubiri barabara, na kwa kuwa makao makuu ya mkoa wa Pwani yako Kibaha, mtu wa Mloka anayefuata huduma za mkoa hulazimika kurudi karibu mpaka Dar es Salaam. Maofisa wa kazi wangeweza kufika Mloka, Kisaki na Tungamalenga angalau mara moja kila mwaka kati ya Juni na Oktoba, wakati barabara zinapitika na kambi zote ziko wazi, wakae katika ofisi ya kijiji kwa siku chache, waisome mikataba ya watu na kuingia kwenye kota wanazolala. Ratiba ya ziara hizo ikitangazwa mapema, wafanyakazi wataomba ruhusa ya kufika.

Wako,
Msomaji, Mbagala,
Dar es Salaam